Rula Chini ya Mkungu: Hesabu za Majani kwa Watoto

Kiangazi kikikolea, mkungu hupukutisha majani, na haufanyi hivyo kwa siri kama mwembe unaodondosha moja leo na jingine kesho. Majani yake hugeuka rangi kwanza. Huwa manjano, halafu chungwa, halafu mekundu, mengine yakafika damu ya mzee, kisha huanguka kwa wingi hadi ua wote ukafunikwa. Kuanzia Lamu hadi Mtwara mti huu umepandwa kwa ajili ya kivuli kwenye viwanja vya shule, kando ya ufuo na mbele ya nyumba, na watoto wanaujua vizuri kwa sababu ya kungu zake: hula nyama yake kisha wakapasua kokwa kwa jiwe. Mara nyingi hupukutika mara mbili kwa mwaka. Msimu mmoja ukikupita, mwingine hauko mbali.

Majani hayo ni makubwa, mengi yakiwa kati ya sentimita 15 na 25, yana umbo lisilo gumu kulichora, na hayauzwi. Mzazi, mlezi au mwalimu anaweza kuyafundishia hesabu za mwezi mzima, mradi ayawahi kabla ya ufagio.

Kwa nini jani, wakati vitabu vya hesabu vimejaa maswali ya urefu na eneo? Kwa sababu kitabuni mtoto hukuta namba zimeshaandaliwa. Penseli ni sentimita 12, shamba ni mita 40 kwa 25, kazi yake ni kujumlisha au kuzidisha. Jani haliji na namba. Mtoto mwenyewe ndiye atakayeamua lipimwe kutoka wapi hadi wapi, kwa kipimo gani, na jibu liaminiwe kiasi gani. Maamuzi hayo ndiyo hesabu yenyewe, na ndiyo tunayomnyima tunapomkimbiza kwenye jibu. Kwa hiyo, katika kila zoezi lililo hapa chini, nakusihi ushikilie utaratibu mmoja: kwanza akisie, aandike kisio lake, ndipo apime. Kisio lililoandikwa halifutwi hata likikosea kwa mbali.

Kama huishi pwani, usiutafute mkungu. Majani ya mwembe, mparachichi, mfenesi au mpera yanafaa. Walio nje ya Afrika Mashariki wana majani yao, nitayafikia. Vifaa ni rula, uzi wa kushonea, penseli, futi ya fundi cherehani na daftari la hesabu lenye miraba. Mizani ndogo ya jikoni ikiwepo, vizuri. Kabla watoto hawajaingiza mikono kwenye rundo la majani, lipekue kwa kijiti, maana nge na tandu hupenda kujificha humo. Waambie pia wasiguse mnyaa, ule wa kwenye ua wa nyumba, kwani utomvu wake mweupe ukiingia machoni huumiza vibaya.

Kupanga kabla ya kupima

Mtoto wa miaka minne au mitano hahitaji rula. Mpe majani saba na umwambie ayapange kutoka fupi hadi refu. Utamwona akiyalaza ovyo, moja juu, jingine chini, kisha akisema hili ndilo refu kwa kuwa ncha yake imefika mbali zaidi. Usimsahihishe. Chora mstari mmoja mchangani na umwombe aweke vikonyo vyote juu ya mstari huo, halafu atazame tena. Ghafla majani mawili hubadilishana nafasi, na mtoto ameona kwa macho yake kwamba vitu viwili hulinganishwa vikianzia mahali pamoja.

Baada ya hapo mletee jani la nane aliingize katika safu. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Jani jipya lazima liwe refu kuliko la kushoto kwake na fupi kuliko la kulia kwake kwa wakati mmoja, na watoto wengi wa umri huo huona rahisi kuivunja safu yote na kuanza upya. Mwache aivunje. Siku nyingine ataliingiza jani bila kugusa mengine.

Hatua inayofuata ni kupima kwa mwili. Lugha yetu ina vipimo kamili vya mkono: wanda, yaani upana wa kidole, futuri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya shahada, shubiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na pima, mikono miwili ikiwa imenyooshwa. Shubiri mbili ni mkono mmoja na mikono minne ni pima moja. Mwambie mtoto apime jani refu kwa shubiri yake, kisha wewe upime lile lile kwa yako. Yeye atapata moja na nusu na wewe hutafika moja. Muulize nani kakosea. Wengine watasema mtu mzima ndiye sahihi, wengine watasema wote. Kama bibi yupo nyumbani, mtoto amuulize mkeka unahitaji ukili wa pima ngapi, na pima hiyo ni ya nani: ya msukaji au ya mnunuzi? Mtoto aliyepitia mjadala huu akipewa sentimita anajua imekuja kutatua ugomvi gani.

Jani linaanzia wapi?

Sasa rula. Kuanzia darasa la pili au la tatu mtoto anaweza kuitumia, lakini tazama anavyoiweka. Wengi huweka mwanzo wa jani kwenye 1, kwa kuwa kuhesabu huanza na moja. Wengine huweka kwenye ukingo wa rula, ilhali kwenye rula nyingi za shule alama ya 0 iko milimita kadhaa kutoka ukingoni. Ukimwambia tu "anzia kwenye sifuri" atatii na hataelewa. Badala yake, mwombe apime jani lile lile mara mbili, mara ya kwanza aanzie kwenye 0, mara ya pili aanzie kwenye 10. Mara ya kwanza ncha itasoma 18, ya pili 28. Atagundua kwamba urefu ni tofauti ya namba mbili, na tangu hapo rula iliyovunjika mwanzo haimsumbui tena. Anaanzia popote na kutoa.

Halafu huja swali ambalo kwangu ndilo kitovu cha kazi yote. Wape watoto wawili jani moja kila mmoja kwa zamu yake, wapime bila kuonyeshana majibu. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Mimi nimepata ishirini na moja."

"Kumi na tisa. Dada, umepima na kikonyo."

"Kikonyo si ni cha jani?"

"Kikonyo kimeshika jani, lakini si jani lenyewe."

"Basi tukimuuliza mama…"

Mama asijibu. Arudishe swali: tukitaka kulinganisha majani yote ya leo, tutakubaliana nini? Wakiamua kikonyo kihesabiwe, kihesabiwe kwa majani yote. Wakiamua kisihesabiwe, vivyo hivyo. Waandike uamuzi wao juu ya ukurasa kabla ya namba yoyote. Wataalamu wa mimea nao hufanya hivyo hivyo: hupima bapa la jani peke yake na kikonyo peke yake, na huandika walichokipima.

Upana nao una ugomvi wake. Jani la mkungu limetanuka karibu na ncha na kubanana kuelekea kikonyoni, kwa hiyo katikati ya urefu sipo penye upana mkubwa. Mtoto ateleze rula polepole kutoka chini kwenda juu, akiisimamisha wima dhidi ya mshipa mkuu, hadi namba iache kuongezeka. Jani lililojikunja lipimwe kwa uzi uliofuata mkunjo wake, kisha uzi unyooshwe kwenye rula. Au libanwe katikati ya kitabu kizito usiku kucha.

Majani thelathini mchangani

Jani moja lina namba moja. Majani 30 yana sura. Kusanyeni 30 chini ya mti mmoja bila kuchagua, na hapo sisitiza sana neno bila, kwa sababu watoto huokota makubwa na mekundu. Njia nzuri ni kuchora mraba ardhini na kuokota kila jani lililomo, hata lililotobolewa na wadudu. Yapimeni, kila jani liandikwe urefu wake kwa kalamu ya wino juu ya bapa. Kisha chora mstari mrefu mchangani uliogawanywa kwa sentimita mbili mbili, 12 hadi 14, 14 hadi 16, na kuendelea, na kila jani liwekwe juu ya sehemu yake, moja juu ya jingine. Jani lililo 14 kamili liende wapi? Hilo nalo amueni kabla.

Zitasimama nguzo za majani, na kwa kawaida zile za katikati zitakuwa ndefu, za pembeni fupi. Mtoto ameshachora chati bila kuambiwa kwamba anachora chati. Muulize kama mti mwingine ungetoa umbo lile lile, na kesho mjaribu.

Wastani ni neno ambalo watoto hulijua kama kanuni, jumlisha ugawe, bila kujua linamaanisha nini. Jani husaidia. Chukueni majani matano yenye urefu wa sentimita 14, 17, 18, 19 na 27. Kwa uzi mmoja mrefu, pimeni la kwanza, mtie alama kwa kalamu, mwendelee na la pili kuanzia kwenye alama, hadi yote matano yamo ndani ya uzi. Kateni hapo. Uzi ni sentimita 95. Sasa ukunjeni sehemu tano zilizo sawa. Kila sehemu ni 19, na huo ndio wastani: urefu ambao kila jani lingekuwa nao kama yangegawana sawasawa. Kisha pangeni majani kwa urefu na mtazame la katikati. Ni la 18. Mbona hazilingani? Ondoeni lile la 27 na muweke la 32. Jumla inakuwa 100, wastani unapanda hadi 20, na la katikati halikusogea hata milimita. Jani moja kubwa huvuta wastani, lakini haliwezi kulisogeza jani la katikati. Mtoto wa darasa la sita aliyeona hivi kwa uzi ataisoma kwa makini zaidi taarifa yoyote itakayomwambia kipato cha wastani cha watu wa mahali fulani.

Kuhesabu miraba

Hapa pana utajiri mkubwa, na ningependa mpatengee siku nzima, si jioni moja.

Weka jani juu ya ukurasa wa miraba, lishikwe imara, mtoto alizungushie penseli. Kwanza kabisa apime mraba mmoja wa daftari, kwani madaftari hayafanani. Mengine yana miraba ya sentimita moja, mengine ya nusu sentimita. Tuseme yenu ni ya sentimita moja na jani lina urefu wa 20 na upana wa 12. Muulize eneo lake ni kiasi gani. Akikumbuka shule atazidisha na kusema 240. Muulize 240 ni eneo la nini. Achore mstatili kuzunguka jani na aone pembe nne zilizobaki tupu. Jani ni dogo kuliko 240. Dogo kiasi gani?

Mwambie ahesabu miraba iliyo ndani kabisa, ambayo mstari wa penseli haukuigusa. Tuseme ni 136. Kisha aongeze kila mraba uliopitiwa na mstari, hata kwa nukta. Inafika 200. Sasa anajua jambo la hakika: eneo la jani limezidi 136 na halikufika 200. Hakubahatisha, hakukisia. Amelizingira pande mbili. Ndivyo Archimedes wa Sirakusa alivyoipata pai zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kuzingira duara kwa maumbo yenye pembe nyingi, moja ndani na moja nje, hadi akajua pai iko chini ya 3 na sehemu 1 ya 7, na juu ya 3 na sehemu 10 za 71.

Pengo kati ya 136 na 200 ni kubwa. Lipunguzweje? Mpe nafasi afikiri mwenyewe. Watoto wengi hupendekeza kukata vipande vya pembeni na kuviunganisha, na hilo si wazo baya. Ukimchorea kila mraba ukagawanyika minne, ataona njia nyingine: miraba midogo zaidi. Kwa miraba ya nusu sentimita, miraba minne ndiyo sentimita moja ya mraba, na jani lile lile litazingirwa mahali kama 152 na 184. Pengo limekwenda nusu. Akigawa tena litakwenda nusu tena. Kwa matumizi ya kawaida, kanuni fupi inatosha: mraba ulioingia zaidi ya nusu hesabu, ulioingia chini ya nusu acha. Jibu litakuja karibu na 168.

Sasa gawanyeni 168 kwa 240. Ni 0.7. Rudieni kwa majani mengine ya mti huo huo, makubwa na madogo, na namba itakayotoka haitakuwa mbali na ile ya kwanza. Jani limekua, urefu umebadilika, upana umebadilika, lakini sehemu ya mstatili inayojazwa na jani imekaa karibu pale pale, kwa sababu umbo ni lile lile. Mwaka 1911 mtafiti E. G. Montgomery wa Nebraska, Marekani, aliandika kwamba kwa jani la mahindi namba hiyo ni 0.75, na hadi leo wataalamu wa kilimo huitumia kupima majani shambani bila kuyachuma. Kama mna mahindi nyuma ya nyumba, jaribuni. Jani la sentimita 80 kwa 9 ni 720, mara 0.75, sawa na sentimita za mraba 540. Halafu mtafute namba ya mwembe, ya mpera, ya mhogo. Kwa jani la mhogo lenye vidole virefu namba hushuka sana, na mtoto ataweza kueleza kwa nini kabla hujamuuliza.

Kuna zoezi moja hapa ambalo halikosi kumshtua mtoto. Tafuteni jani lenye urefu wa 10 na upana wa 6, nusu kamili ya lile la kwanza kila upande. Akisie eneo lake. Karibu kila mtoto husema nusu, yaani 84, na watu wazima wengi pia. Ahesabu miraba. Itakuwa karibu 42, robo. Kateni vivuli vinne vya jani dogo kwenye karatasi na mjaribu kuvilaza juu ya kubwa. Havitakaa vizuri kwa sababu ya mbinuko wa pembeni, ila kwa mistatili, mmoja wa 20 kwa 12 na minne ya 10 kwa 6, ile minne inaingia ndani ya mkubwa bila kubakiza kitu. Mwache aichezee karatasi hiyo kwa muda wote anaoutaka.

Mzingo, kwa kifupi

Mzingo hupimwa kwa uzi. Mtoto mmoja ashike, mwingine azungushe. Jani la mkungu la 20 kwa 12 lina mzingo unaokaribia sentimita 50. Linganisheni na jani lenye meno pembeni kama la mwarobaini au la hibiskasi. Uzi uliorukia ncha za meno utatoa namba moja, uliofuata kila jino utatoa kubwa zaidi. Ipi sahihi? Mwanahisabati Benoît Mandelbrot aliliuliza swali hilo hilo kuhusu pwani ya Uingereza katika makala yake ya mwaka 1967, akaonyesha kwamba urefu wa pwani hutegemea urefu wa kipimo kinachotumika. Mtoto wa Pwani anaweza kuanza na ramani ya kisiwa chake.

Wazazi walioko Toronto, Minneapolis au Leicester wana nafasi yao Oktoba, majani ya maple yanapofunika njia za waenda kwa miguu. Kwa jani hilo mzingo ndio zoezi bora, kwani limechongoka kila upande: uzi wake ni mrefu sana ukilinganisha na eneo. Lichukueni pamoja na picha ya bendera ya Kanada, mhesabu ncha za jani la bendera, ambazo ni 11, kisha mhesabu za jani la kweli. Likunjeni juu ya mshipa mkuu mwone kama pande mbili zinafunikana. Tena kila Jumamosi kuanzia mwisho wa Septemba mwangalie majani 20 ya mti mmoja, mwandike mangapi kijani, mangapi manjano, mangapi mekundu. Katika 20 kila jani ni asilimia 5, na mtoto atajifunza asilimia akiuangalia mti ukibadilika. Akiuliza rangi zinatoka wapi, mwambie kijani ni klorofili, na mti ukijiandaa kuangusha majani klorofili huvunjika. Manjano ilikuwemo tangu mwanzo ikiwa imefunikwa, lakini nyekundu kwa sehemu kubwa hutengenezwa wakati huo huo wa mwisho. Ndivyo ilivyo kwa mkungu pia.

Jani lisilosogeza mizani

Jani moja likiwekwa kwenye mizani ya jikoni, mara nyingi husoma gramu 2 leo na 3 ukirudia, au halisogezi namba kabisa. Wekeni majani 20 pamoja na mgawe kwa 20. Unene wa jani nao hupatikana hivyo: rundikeni 40 yaliyobanwa kitabuni, mpime kimo cha rundo kwa rula, mgawe. Mtoto akishaielewa njia hii atapima unene wa karatasi moja ya daftari bila kufundishwa. Kwa wiki moja mbele, anikeni majani kivulini na myapime uzito kila jioni. Uzito utashuka haraka siku za kwanza, kisha polepole, kisha utagoma kushuka. Choreni mstari wake kwenye daftari.

Mti mzima una majani mangapi?

Swali hili ni la watoto wa miaka kumi na kuendelea, na mkungu ni kama umeumbwa kwa ajili yake. Matawi yake hukaa kwa ngazi, ghorofa juu ya ghorofa, na majani hujikusanya kwa vishada kwenye ncha za vitawi. Lifanyeni mapema, kabla mti haujapukutika. Kila mtoto akisie jumla na aandike. Mtu husema 500, mwingine milioni.

Kisha ligawanyeni swali. Kishada kimoja kina majani mangapi? Hesabuni vishada kumi mnavyovifikia na mchukue wastani. Tuseme 8. Tawi moja lina vishada vingapi? Tuseme 60. Kila ghorofa ina matawi mangapi? 4. Ghorofa ngapi? 5. Nane mara 60 ni 480, mara 4 ni 1,920, mara 5 ni 9,600. Na kama kila jani lina sentimita za mraba 168, majani yote pamoja ni 1,612,800. Namba hiyo haimwambii mtoto kitu hadi aibadilishe: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo ni mita za mraba 161. Apime sakafu ya chumba anacholala. Kama ni mita 4 kwa 4, majani ya mti mmoja yangetandika vyumba kumi na kubakiza kidogo. Walio wadogo wanaweza kulianza zulia hilo kwa majani yaliyoanguka, waone mita moja ya mraba inakula majani mangapi.

Watoto wawili wakitumia njia hii hawatapata jibu moja. Mmoja aliona vishada vya majani 12 na kupata 14,400. Msitafute wastani wa majibu yao upesi. Wapitie namba nne walizozizidisha, moja baada ya nyingine, na waulizane ipi imesimama juu ya kuhesabu na ipi juu ya kutazama kwa mbali. Mara nyingi iliyo dhaifu ni ya vishada kwa tawi, kwani walihesabu tawi la chini, ambalo ni refu, wakalifanya kuwa kipimo cha matawi yote, ilhali ya juu ni mafupi. Waende upande wa pili wa uwanja ambapo tawi la juu linaonekana lote, wahesabu vishada vyake kwa kidole, warekebishe, wazidishe tena.